Usihamishie Pesa Kwenye Kifaa Kilichokuja na Maneno Yake

Juzi msomaji mmoja wa hapa Nairobi aliniandikia kwa furaha. Amepata kifaa cha kuhifadhia kripto, yaani sarafu za kidijitali, kwa nusu ya bei katika duka moja katikati ya mji, na muuzaji amemrahisishia kazi: ndani ya boksi mna kadi iliyokwisha kuandikwa maneno 24. Akaniuliza, "Kaka, nihamishe pesa leo au ningoje wikendi?"

Sikumjibu kwa maandishi, nilimpigia simu. Nikamwambia asihamishe hata senti, kwa sababu kifaa hicho tayari kina mwenyewe.

Sarafu zako hazikai ndani ya kifaa. Zimeandikwa kwenye leja, yaani daftari la hesabu, ya mtandao wenyewe, uwe Bitcoin, Ethereum au Tron, na nakala za leja hiyo ziko kwenye kompyuta za watu dunia nzima. Kazi ya kifaa ni kutunza funguo za siri zinazoruhusu sarafu hizo zitoke, na funguo zote huzaliwa na yale maneno, mara nyingi 12 au 24. Mwenye maneno ndiye mwenye pesa, hata kama hajawahi kukigusa kifaa chako. Muuzaji aliyekuandikia kadi amebaki na nakala, na atangoja mzigo uingie. Kifaa kipya cha kweli huja kitupu. Ukikiwasha, chenyewe ndicho kinachotunga maneno na kukuonyesha kwenye skrini yake, na hakuna mwingine anayeyaona.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimelisema miaka mingi na nimechekwa nalo. Nilipoagiza kifaa changu cha kwanza, wenzangu katika chama chetu cha akiba waliuliza kwa nini natoa pesa zote hizo kununua flashi. Mmoja wao, mtu ninayemheshimu sana, alinipigia mahesabu mbele ya kikao: kwa bei hiyo ningenunua sarafu zaidi na kuziacha kwenye soko la kripto la mtandaoni, ambako "kuna wataalamu." Nilinyamaza. Mt. Gox, soko la bitcoin la Japani, ilikuwa imeanguka mwaka 2014 ikiwa na takriban bitcoin 850,000 ambazo hazikuonekana, lakini nani angenisikiliza nikitaja mambo ya Japani katika kikao cha mtaa wa Umoja? Novemba 2022 FTX, soko jingine kubwa, nayo ikafilisika. Baadaye soko jingine, ambalo sitalitaja, likawafungia wenzangu wawili mlango wa kutoa pesa. Sikufurahia. Ila hakuna aliyewahi kuniambia, "Ulikuwa umetuambia."

Kisha mwaka jana ikafika zamu yangu kujaribiwa. Nilitoka Westlands jioni kumfundisha kijana mmoja, kifaa kikiwa kwenye begi pamoja na kompyuta. Mvua ilikuwa imewakusanya watu kwenye steji ya Tom Mboya, matatu ikafika, tukasukumana mlangoni. Nilipopata kiti, begani nilikuwa na mkanda tu. Umekatwa safi, kwa wembe. Waliojua kilichokuwa ndani walinipigia simu kama niliyefiwa.

Mimi nilihuzunikia kompyuta. Kuhusu kifaa, nilijua nina nini mkononi. Kilifungwa kwa namba ya siri. Vifaa vya kampuni ya Ledger hujifuta mtu akikosea namba mara 3, na vya kampuni ya Trezor akikosea mara nyingi zaidi. Lakini sikulala nikitegemea hilo. Januari 2020, watafiti wa usalama wa Kraken Security Labs walionyesha kwamba mtu mwenye ujuzi na zana, akishika Trezor za wakati huo mkononi, angeweza kuyachomoa maneno kwa muda wa kama dakika 15. Wezi wa Tom Mboya si mafundi wa namna hiyo, ila begi huuzwa, na hujui linamfikia nani.

Basi usiku uleule nikachukua kifaa cha akiba, nikatoa maneno yangu mahali yalipo, nikaanza kuyaingiza. Ni kazi ya kuchosha vidole: vitufe viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia, unasogeza herufi mpaka uipate, unabonyeza vyote viwili kwa pamoja kuikubali, kisha herufi ya pili. Ukifika ya tatu au ya nne kifaa chenyewe kinakuletea neno, maana orodha ya Kiingereza ina maneno 2,048 na hakuna mawili yanayofanana herufi nne za mwanzo. Neno la mwisho limebeba hesabu inayokagua yaliyotangulia, hivyo ukikosea mahali, karibu kila mara kifaa kitakataa. Changu kilikubali. Salio likatokea lote. Nikatunga pochi mpya, yaani seti mpya ya funguo yenye maneno mapya, nikahamishia kila kitu humo, na yale ya zamani yakabaki bila kazi. Huyo mwizi aliuza plastiki.

Nilifanya yote hayo bila mikono kutetemeka, na najivunia. Nilitulia kwa sababu nilikuwa nimeshafanya jaribio la kurudisha kabla pesa hazijaingia kwa wingi, na hilo ndilo wengi mnaloruka. Weka kifaa, andika maneno, tuma pesa kidogo ya bei ya chai. Kisha kifute kifaa makusudi, ukirudishe kwa maneno uliyoyaandika. Pesa ya chai ikionekana tena, mwandiko wako ni sahihi. Isipoonekana, umepoteza chai tu. Mtu anayetuma akiba ya miaka yote kwenye kifaa ambacho hajawahi kukirudisha, hata mara moja, hajui kama ana nakala au ana karatasi.

Na hiyo karatasi isipigwe picha. Isiende WhatsApp, isiende barua pepe, isiende kwa "huduma kwa wateja" aliyekutumia ujumbe Telegram. Hakuna kampuni ya kweli inayoomba maneno hayo. Hakuna. Simu yako ina nakala za picha zinazopanda mtandaoni zenyewe, na hapa kwetu wezi humbadilishia mtu laini ya simu usiku, na asubuhi akaunti zake zote zimefunguliwa.

Karatasi pia huungua na kulowa. Mimi nimegonga maneno yangu kwenye bati la chuma kisichoshika kutu. Kirinyaga Road utapata seti ya alfabeti za kugongea chuma, zile mafundi wanazotumia kuandika namba kwenye injini. Nunua seti, nunua kipande cha chuma, kisha nenda nacho nyumbani ukagonge mwenyewe. Usimpe fundi akugongee, hata awe muungwana kiasi gani. Herufi nne za mwanzo za kila neno zinatosha. Weka namba za mpangilio, kwa sababu maneno yaleyale yakichanganywa hayafungui kitu.

Kununua: agiza kwa watengenezaji wenyewe, Trezor huko Jamhuri ya Cheki, Ledger huko Ufaransa, au kwa wakala waliyemtaja kwenye tovuti yao. Mzigo uje kwenye sanduku la posta au ofisini, usije unakolala. Mwaka 2020 taarifa za wateja wa Ledger zilivuja, na zaidi ya watu 270,000 wakaanikwa majina, simu na anwani za nyumbani. Mwaka uliofuata baadhi yao walipokea kwa posta vifaa bandia, vimefungwa vizuri, na barua inayowataka waingize maneno yao. Kwa hiyo nyamaza, ndugu yangu. Acha kuanika salio kwenye vikundi. Unayemringia leo ana binamu.

Ukituma, soma anwani kwenye skrini ya kifaa chenyewe, mwanzo, katikati na mwisho. Kuna virusi vinavyobadilisha anwani uliyonakili kabla hujaibandika, na simu itakuonyesha ile ya mwizi bila aibu. Wanaoweka USDT, sarafu inayofuata thamani ya dola, waangalie na mtandao: anwani ya Tron huanza na T, ya Ethereum na 0x, na kwenye Tron uwe na TRX, sarafu ya mtandao huo, kidogo ya ada, la sivyo pesa zitakaa pale unaziangalia.

Wengine wananiuliza kama sheria ya mwaka 2025 haijatuondolea haja ya haya yote, kwa kuwa sasa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji zina kazi ya kusimamia kampuni za mali za kidijitali. Ni hatua njema na naiunga mkono. Inasimamia kampuni. Ukiyapoteza maneno yako hakuna ofisi Upper Hill itakayokurudishia.

Liko pia neno la ziada, unalojitungia mwenyewe juu ya yale 24. Ukilikosea hata herufi moja linafungua pochi nyingine, tupu, bila onyo lolote. Anayeanza asiliguse. Mimi ninalo, na kipande changu cha pili cha chuma kiko kwa dada yangu Machakos, ambaye ana maneno lakini hana neno hilo. Mke wangu analo. Nikifa leo, hao wawili wakikutana wana kila kitu, na nimewaambia hivyo ana kwa ana, maana nimeona familia zikilia mara mbili. Mke wangu ameshafanya jaribio la kurudisha peke yake, mimi nikiwa chumba kingine. Kilichobaki ni ada za mtandao, zinamchanganya bado, na Jumamosi tunakaa nazo.