Acha Kurembesha Sauti: Niliyojifunza kwa Waimbaji wa Sutartinės

Tangu nianze kuandika habari za nyimbo za jadi za Lithuania, swali ninaloulizwa zaidi na wanakwaya wenzangu ni moja: ile sauti inapatikanaje? Wamesikia vipande mtandaoni, wanawake watatu wamesimama wakitazamana, hakuna kinanda wala ngoma, na sauti zao zinagongana mpaka unahisi kitu kinavuma ndani ya sikio. Wengine wamejaribu nyumbani wakakata tamaa. Mimi pia nilianza vibaya, kwa hiyo nieleze kwanza nilipokosea.

Nimekulia Lushoto, kwenye kwaya ya Kilutheri, sauti ya pili tangu nikiwa na miaka 11. Nilipokwenda Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, kusoma, dada mmoja wa darasani alinialika kwenye kikundi kilichokutana Alhamisi jioni kuimba sutartinės. Hizi ni nyimbo za kaskazini-mashariki mwa nchi ile, eneo la Aukštaitija, na jina lake linatokana na neno lao la kupatana. Huimbwa na watu wawili, watatu, wanne au zaidi, na kwa jadi waimbaji ni wanawake. Ziliimbwa wakati wa kuvuna nafaka, kung'oa kitani, harusini, na kwenye sikukuu za majira. Kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa zimeshaanza kupotea vijijini. Leo zinaimbwa majukwaani, na zinaimbwa pia kwenye ibada za Romuva, jumuiya inayofuata dini ya jadi ya Wabalti, yaani wenyeji wa asili wa Lithuania na jirani zao. UNESCO ilizitambua kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2010, na kikao kilichopitisha uamuzi huo kilifanyika Nairobi. Nilipolijua hilo nilifurahi sana, kana kwamba nimekuta jina la nyumbani kwenye barua ya watu wengine.

Neno moja kabla sijaendelea. Kwetu kumwita mtu mpagani ni kumtukana, na neno hilo tumelirithi kwa waliokuja kutubadili dini. Hapa nitasema dini ya jadi, kwa sababu ndivyo ningependa dini ya wazee wa babu yangu itajwe.

Sasa kosa langu. Alhamisi ya kwanza niliimba kwa ile sauti ya Jumapili: koo limelegezwa, kichwa kimeinama kidogo, kila nota naiwekea mtetemo mwishoni ili ipendeze. Mama aliyekuwa akitufundisha alinisikiliza mistari minne, akainua mkono. Hakunikaripia. Aliniuliza, "Unamwimbia nani?" Nikasema sijui. Akanipeleka mwisho wa ukumbi, yeye akabaki mwisho wa pili, akaniambia nimwite kwa jina kama vile yupo ng'ambo ya shamba na mvua inakuja.

Hapo nikamkumbuka bibi. Nyumba yetu ilikuwa upande mmoja wa bonde, shamba la maharage upande wa pili, na bibi akitaka tuje kula alisimama ukingoni akaita. Ile sauti haikuwa kelele. Ilikuwa nyembamba, imenyooka, inaanzia kifuani na kutokea mbele ya uso, haipandi wala haishuki, na ilivuka bonde zima ikakufikia kama umeguswa begani. Hakuna hata siku moja bibi aliita ili tumsifu sauti. Alitaka tuje. Nikaita hivyo pale Vilnius, na yule mama akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Hiyo. Imba na hiyo."

Huu ndio ushauri wangu mkubwa, na mengine yote yanatoka humo: ukitaka kuimba nyimbo hizi, tafuta kwanza sauti unayoitumia unapohitaji jambo litokee, siyo ile unayoitumia unapotaka kusikilizwa.

Kuna sababu ya kifundi pia, na kwangu ndiyo iliyonishawishi kabisa. Sutartinės zinajengwa juu ya nota mbili zinazopakana, kama do na re zikiimbwa kwa pamoja. Kwenye kwaya tumefundishwa kuwa hilo ni kosa, mtu wa sauti ya pili ameteleza. Kwao ndiyo utamu wenyewe. Chukua sauti moja inayotetema mara 240 kwa sekunde na nyingine mara 270: tofauti ni 30, na sikio linaipokea tofauti hiyo kama mkwaruzo, mvumo unaopiga mara 30 kwa sekunde. Wenyewe wanasema sauti zinapaswa kugongana kama kengele. Sasa ukitia mtetemo wa kikanisa, ule unaoyumbisha nota mara tano au sita kwa sekunde, mvumo unachafuka na kufa. Ukitia pumzi nyingi kwenye sauti ili isikike laini, mvumo unakufa. Ukiimba kwa nguvu kumzidi mwenzako, unakufa vilevile. Zile mbwembwe zote tunazotumia kujipamba zinafunika kitu ambacho wimbo upo ili kukitoa.

Kwa hiyo kujirembesha hapa ni kosa la kusikika. Huhitaji kuingia moyoni mwa mtu kujua kama anaimba kwa dhati. Mvumo upo au haupo, na haupatikani mpaka umsikilize aliye mbele yako kuliko unavyojisikiliza.

Muundo wenyewe unakulazimisha. Anayeongoza anaitwa rinkėja, yaani mkusanyaji, kwa sababu ndiye anayeyaokota maneno na kuyapanga. Anayeitikia anaitwa pritarėja, anayekubaliana naye. Katika zile za watu watatu, wanaingia kwa kupokezana, mmoja akimaliza sehemu yake anapumzika, na wakati wote zinasikika sauti mbili tu. Ile dakika ya kunyamaza ilinifundisha zaidi kuliko kuimba. Unasimama umefunga mdomo, unawasikia wenzako wakigongana, na unajua mahali hasa pa kuingilia.

Vibwagizo vingi ni maneno kama tūto, ratilio, dobilio, sadauto. Baadhi yana asili inayojulikana, mengine hayatafsiriki. Wengi wakifika hapo wanaanza kuyaigizia: macho yanafumbwa, sauti inakuwa ya kinong'ono cha ajabuajabu, kama mtu anayetaka tuone kuwa anapagawa. Usifanye hivyo. Yaimbe waziwazi, konsonanti zisikike, kama unavyotamka jina la mtu unayemheshimu.

Nasema hivi kwa uchungu kidogo, maana muziki mwingi unaouzwa leo kwa jina la dini za kale za Ulaya umejaa sauti za kutisha: kunguruma, mwangwi mzito wa studio, kuimba kwa koo kulikotoka Tuva, huko Siberia, na Mongolia kunakovishwa jina la Waviking. Ufundi wa watu wa Tuva ni mkubwa na nauheshimu, lakini ni wao. Kuhusu uimbaji wa Waskandinavia wa kale, ushahidi mmojawapo tulio nao ni wa Ibrahim ibn Yaqub, msafiri wa Andalusia aliyefika Hedeby, mji wa biashara wa Waviking, katika karne ya 10 na kusema hajawahi kusikia uimbaji mbaya kuliko ule, mngurumo wa kooni kama mbwa. Maneno ya mgeni aliyeudhika hayatoshi kujengea mtindo mzima. Ukipenda sauti ya kabila fulani, taja ilikotoka na ujifunze kwa wenyewe.

Sutartinės zina bahati kwamba zipo rekodi za miaka ya 1930 za wanawake wa vijijini. Zitafute uzisikilize kabla ya vikundi vya leo. Hawabembelezi mtu. Sauti imenyooka toka mwanzo hadi mwisho, hakuna kupanda kwa hisia katikati wala kushuka kwa huzuni mwishoni, na baada ya dakika mbili utajikuta hutaki waache.

Limebaki jambo gumu, nalo ni imani. Mimi ni Mkristo. Je, naweza kumwimbia Žemyna, mama wa ardhi, kwa dhati? Nililibeba swali hilo miezi kadhaa, kisha nikamwendea mwalimu wangu na kumweleza wazi. Aliniambia nyimbo nyingi ni za kazi na za harusi, niziimbe bila wasiwasi. Kwenye zile za ibada, akasema, niimbe ninachoweza kukisimamia na ninyamaze penginepo, maana mduara unabeba vizuri mtu aliyenyamaza kuliko mtu anayedanganya.

Nikafanya hivyo mwezi wa sita huko Kernavė, kwenye Rasos, usiku mfupi kuliko yote wa mwaka. Walipoweka chumvi na mkate kwenye moto na kumwomba Gabija, mungu wao wa moto, nilisimama kimya, mikono mbele. Walipoanza wimbo wa duara niliitikia kwa sauti yote. Hakuna aliyenitazama vibaya.

Ukialikwa mahali kama pale, kumbuka unaingia kwenye ibada ya watu. Lithuania ilibatizwa mwaka 1387, ya mwisho kabisa kati ya dola za Ulaya, na Rasos ya Kernavė ilirudishwa mwaka 1967, chini ya Wasovieti wasiopenda mikusanyiko ya namna hiyo. Romuva walipigania kutambuliwa na serikali miaka mingi. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua mwaka 2021 kwamba walibaguliwa, na Bunge likawatambua mwaka 2024. Watu waliopita huko wanamjua mara moja anayekuja kuvaa shada la maua apigwe picha.

Kwa mazoezi, anza na mtu mmoja tu. Simameni mkitazamana, hatua moja kati yenu. Mmoja ashike do, mwingine re, bila maneno, kwa pumzi moja moja, na msikimbilie kurekebisha ule mgongano. Wiki ya kwanza mmoja wenu atateleza na kumfuata mwenzake bila kujua. Ni kawaida, anzeni upya. Mvumo ukija, ushikeni mpaka pumzi iishe, kisha badilishaneni nota. Dakika 10 kwa siku zinatosha. Koo likiuma, mmekuwa mkipiga kelele, kwa hiyo pumzikeni hadi kesho. Maneno yaongezeni wiki ya tatu, na kama mnaye mtu anayekijua Kilithuania, mwombeni awasomee kwanza polepole, mara mbili au tatu, kabla hamjayatia kwenye wimbo.