Sista anasema nina huruma ya bure

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi ni mwanafunzi wa unesi mwaka wa pili, kila asubuhi navuka feri Likoni nikienda wodini. Wagonjwa wananipenda manake nakaa nao nawasikiliza, lakini sista inchaji akiniuliza "kwa nini umefanya hivi?" nanyamaza kama bubu. Juzi kaniambia nina huruma ya bure, unesi ni kichwa sio machozi. Sasa niache kukaa nao?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache. Sista hajakosea kukuuliza kwa nini, ila huko kukaa kwako ndiko kichwa kinakopata kazi. Hebu chukua mama aliyejifungua usiku, akwambia moyo wamwenda mbio, hatulii, mara ashika shuka mara aachilia. Wapima presha, 110/70, waandika sawa waenda zako. Na mapigo je? 124! Damu ikipotea mishipa hujikaza na moyo huongeza kasi, ndo maana presha yaweza kukaa vizuri kwa muda ikakudanganya, ikishashuka ujue mmechelewa. Sasa hapo "pole mama" peke yake haimsaidii, ita sista papo hapo huku unafunua shuka, angalia pedi na chini ya mgongo damu ni kiasi gani (ikifika 500 ml hiyo si ya kawaida tena), gusa tumbo, kizazi kikiwa laini kisugue kikaze. Ukiulizwa kwa nini, jibu unalo: aliniambia, nikapima, nikaangalia.

Mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi, naona haya hata kusema, nilikuwa naandika kupumua 20 kwa kila mtu, wodi nzima wazee kwa vijana wote 20 tu, aliyelala 20 anayekohoa 20, mpaka siku daktari akamkuta babu mmoja anapumua 32 na chati yangu bado yasema 20. Babu alipona, alhamdulillahi, lakini nilichambwa siku hiyo! Tangu hapo nahesabu dakika nzima, namshika mkono kama napima mapigo manake ukimwambia wahesabu pumzi atabadilisha, na wallahi ni kwenye dakika hiyo ya kimya ndo wengi huanza kunambia kinachowasumbua.

Kwa sista, usingoje akuulize. Mwendee wewe kwanza, "sista nimeona hiki, nadhani ni hiki, kwa sababu hii." Ukikosea atakurekebisha, afadhali hapo kuliko kwenye mtihani. Machozi nayo yakija nenda nyuma ulie, unawe uso, urudi umalize raundi.