Ukianza kazi kwenye makao ya watoto Kigoma, shika faili kwanza

Mdogo wangu, karibu kazini. Kukoroga maziwa na kubembeleza watakufundisha mama walezi, nao wanajua kuliko mimi. Langu ni faili.

Wachanga wengi tunaowapokea wana ndugu. Mama kafariki akijifungua, bibi hana hela ya maziwa ya kopo, basi mtoto anakuja kupitia afisa ustawi wa jamii, akishakua kidogo arudi kwao. Miaka inakatika, unafungua faili, unakuta: "Baba: mvuvi. Makazi: Kigoma." Utampata wapi huyo?

Kwa hiyo siku ileile, kabla aliyemleta hajapanda bodaboda, andika kijiji, kitongoji, jina la mwenyekiti, jina ambalo baba anaitwa mtaani, na simu ya jirani pia, maana watu hubadilisha laini. Uliza anavulia mwalo gani, yaani ufukwe wanakoshushia samaki, Kibirizi au wapi. Wavuvi wa dagaa hufuata giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa zao hazivuti samaki, wanapumzika. Panga kumpeleka mtoto kusalimia siku hizo. Ukienda wakati wa giza utaambiwa amelala, au kahamia kambi nyingine.

Halafu vyeti. Cha kuzaliwa kila mtu anakikumbuka. Cha kifo cha mama ndicho husahaulika, mpaka mtoto aombe mkopo wa chuo kama yatima na Bodi ya Mikopo itake cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kukifuatilia baada ya miaka 18 ni mateso. Kifuatilie sasa, kibali cha mazishi kingali kwenye mkoba wa bibi.

Wageni wa pipi na kamera utawazoea; wape ratiba, picha za nyuso za watoto wasipige.

Ila ndugu wasipangiwe masharti ya wageni. Wapo wakuu wa makao wanaowaona wasumbufu, mimi sikubaliani nao. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kuwajua wazazi na ukoo wake. Bibi akija na kidumu cha mawese, usimwache getini. Mkabidhi mjukuu ambebe, muda wote atakaokaa. Na kama bibi huyo ni wa Buhigwe na Kiswahili kinampa tabu, mtoto apangiwe mama mlezi anayeongea Kiha, tangu angali mchanga.