Barua kwa mwanangu: Coastal na lile basi la Tanga

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kama ni haki wewe kutokwa na machozi juzi Jumamosi kwenye banda umiza, katikati ya watu wa Yanga, kwa ajili ya Coastal Union, timu yetu ya Tanga, ambayo hadi asubuhi ile usingeweza kumtaja mchezaji wake hata mmoja.

Sopu, yule mfungaji wa Coastal, umemjua lini? Basi, usijibu. Mtu anafunga mabao matatu kwenye fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Yanga, kule Arusha, dakika 120 zinakwisha 3-3, halafu anarudi Tanga mikono mitupu kwa penalti 4-1! Nani asilie?

Ila swali lako limenirudisha kwenye basi. Mwaka 2016, unakumbuka, Coastal, African Sports na Mgambo zote zilishuka daraja msimu mmoja. Mkoa mzima! Nilikuja kukuchukua shule, tukapanda basi Ubungo, na kuanzia Chalinze konda akawa anatutania abiria wa Tanga: "Wagosi, mnarudi kuzika?" Watu wanacheka. Akanifikia mimi. "Na wewe mzee, Coastal au Sports?" Nikamwambia mimi mtu wa Moshi, naenda msibani tu.

Mimi! Niliyezaliwa Ngamiani, Tanga mjini, niliyebebwa mabegani na watu 1988 Coastal ilipochukua ubingwa wa Bara.

Nawe ulikuwa kidato cha pili, ukauliza kwa sauti, "Baba, kwetu si Tanga?" Basi zima likasikia. Nikafumba macho mpaka Muheza. Sikuwa na usingizi hata chembe.

Siku zote nawaambia, mji ni kama chanjo ya begani, haufutiki kwa sabuni. Huhitaji kujua kikosi. Mama yako hajui hata kuotea ni nini, na ile penalti ya mwisho ilipoingia alizima redio akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Lakini hapo hapo najiuliza. Mjomba wako kazaliwa barabara ileile niliyozaliwa mimi, na Jumamosi alivaa kijani na njano ya Yanga, akashangilia mpaka sauti ikamkauka. Je, chanjo yake imefutika? Tena yeye huenda uwanjani, anakata tiketi, mvua na jua, wakati mimi Mkwakwani, uwanja wa Coastal, sijatia mguu tangu timu irudi Ligi Kuu. Labda ana haki kuliko mimi niliyeikana timu kwa konda. Labda. Ninalo la kusema juu yake na ulimi unaniwasha, ila ni shemeji yangu, na Idi tunakula sinia moja.

Mji ni chanjo, mwanangu. Yangu iliniwasha vibaya siku ile.

Ukija Idi nitakupeleka barabara ya 11, kwa wazee wa kahawa. Nilipita jana jioni, walikuwa bado wako kwenye penalti ya kwanza.

Baba yako