Kabla hujamwambia mtu anaongea pumba

Kijiweni, kwenye daladala, kwenye magrupu ya WhatsApp ya mpira, mtu akitoa hoja isiyo na kichwa wala miguu anaambiwa "acha pumba", na mjadala unafia hapo. Vijana wengi wanadhani neno hili limekatwa kutoka "mpumbavu". Mpumbavu ametokana na kupumbaa, yaani kuduwaa, kama mlegevu alivyotokana na kulegea. Pumba zimetoka mashineni.

Simama kwenye mashine ya kukoboa uangalie. Mahindi yanatoka meupe upande mmoja, tayari kusagwa sembe. Upande wa pili linatoka ganda lililopondeka pamoja na kiini, jepesi, linapeperuka hadi kwenye nyusi za mwendesha mashine. Gunia linajaa upesi, lakini ukilinyanyua halina uzito. Maneno ya namna hiyo yapo: yanajaza saa nzima na huondoki na kitu. Ndiyo maana tunaambiana tutenganishe mchele na pumba.

Ila mimi nafuga kuku, na pumba nanunua kwa hela yangu. Nachanganya na mashudu ya alizeti na dagaa, kuku wanataga vizuri tu. Hata dona tunalosifia kwa afya ni mahindi yaliyosagwa na pumba zake. Kwa hiyo naomba tulitumie neno hili kwa adabu.

Kwa mkubwa wako usilitumie kabisa, hata akiwa amekosea wazi. Kwake ni tusi. Sema, "Mzee, hapo naomba unifafanulie kidogo." Mara nyingi akianza kufafanua anajirekebisha mwenyewe.

Kwa rika lako, ukisema pumba, onyesha na mchele uko wapi. Kwenye grupu letu la mtaa kijana mmoja alisambaza kwamba maji ya limao yanatibu malaria. Walimrukia: pumba, pumba tupu. Akakaza shingo, akaituma tena. Nikamfuata pembeni nikamwandikia, "Mdogo wangu, homa ikimshika mtoto, apimwe kwanza. Akikutwa na malaria apewe dawa mseto, amalize dozi. Wapo watakaokusikiliza wewe wakachelewa hospitali." Hakubishana. Aliuliza kipimo kinapatikana zahanati gani, halafu akaifuta ile meseji.