Tulivyoacha kubadili kanula kwa ratiba

Mkuu, umeuliza: utafiti ukishaonyesha kwamba jambo fulani halimsaidii mgonjwa, na wodi nzima inakubali, mbona bado linafanyika, na mtu aanzie wapi kulikomesha? Nakujibu kama muuguzi, kwa jambo nililolipitia mwenyewe.

Kwetu kanula, ule mrija mwembamba unaochomekwa kwenye mshipa kupitishia dawa, ilikuwa inang'olewa na kuwekwa nyingine kila baada ya siku tatu, hata kama mshipa ni mzima na dawa inapita vizuri. Usiku mmoja nilimtoa bibi mmoja kanula safi kabisa kwa sababu siku yake ilikuwa imefika. Ngozi yake ilikuwa nyembamba, plasta ikabanduka nayo. Nikamchoma mkono wa kulia mara mbili, mshipa ukapasuka. Nikahamia wa kushoto, na mara ya nne ndipo damu ikarudi, ishara kwamba mshipa umepatikana. Hakulalamika, aliniuliza tu, "Mwanangu, ile ya kwanza ilikuwa na kosa gani?" Nilikosa la kumwambia, na swali lile halijanitoka hadi leo.

Jibu lilikuwepo tayari. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha jaribio la Queensland, Australia, lenye wagonjwa 3,283. Kundi moja lilibadilishiwa kanula kila siku ya tatu, jingine pale tu dalili za tatizo zilipojitokeza. Waliovimba mshipa walikuwa asilimia 7 huku na asilimia 7 kule.

Nikachapa matokeo yale, nikayabandika kwenye chumba cha wauguzi. Hakuna kilichobadilika. Nikawaona wenzangu wavivu wa kusoma, na hapo niliwakosea sana. Nilipokaa na kuwasikiliza mmoja mmoja, nikagundua kila mtu alishaisoma karatasi. Tatizo lilikuwa fomu ya zamu: ina kisanduku cha "siku ya 3", na usipokiweka tiki unaulizwa asubuhi mbele za watu. Ukibadili kanula bila sababu, hakuna anayekugusa. Ukiiacha na mkono ukavimba, mzigo ni wako peke yako.

Basi tukaanza na fomu. Matroni na daktari wa wodi walikubali kisanduku kile kifutwe, yakaingia maswali matatu ya kila zamu: panauma? Kuna wekundu au uvimbe? Kanula bado inahitajika? Wote wawili wakaweka saini, kwa hiyo anayeiacha kanula mahali pake ana pa kusimamia. Swali la tatu ndilo lililotuzindua. Tulikuta wagonjwa ambao dawa ya mshipa iliisha tangu juzi na kanula imebaki mkononi tu, mlango wazi wa vijidudu.

Ila usifute ratiba ukaondoka zako. Hospitali ya chuo kikuu cha Geneva, Uswisi, iliacha kubadili kwa ratiba mwaka 2018, maambukizi ya damu yatokanayo na kanula yakaongezeka, na mwaka 2019 ikairudisha. Mimi nasoma hapo kwamba ratiba, pamoja na ubaya wake, ilimlazimisha mtu kuufunua mkono na kuutazama. Ukiiondoa, lazima kutazama kubaki kazi ya mtu, kwa jina na kwa saa. Kwetu zamu inayokabidhi na inayopokea husimama pamoja kando ya kitanda cha mgonjwa, wakaiangalia kanula kabla ya kusaini. Na ile iliyowekwa mbiombio wakati wa dharura, bila usafi wa kutosha, bado tunaing'oa mapema bila kungoja dalili.