Vua hedifoni kabla hujaniletea sura ya msiba

Wadogo zangu, wiki hii nimepokea rasimu sita za hadithi zenu, na nne zimekuja na ujumbe uleule: "Dada, hii nimeiandika huku nalia." Nikauliza mlikuwa mnasikiliza nini. Wote wanne mlikuwa na wimbo masikioni. Nawapenda, ndiyo maana nimekasirika.

1. Ukiandika mazungumzo, usiweke wimbo wa Kiswahili. Maneno yake yatapenya, na mjane wako mpole wa Pangani ataanza kurusha vijembe kama yuko jukwaani.

2. Uliza hayo machozi ni ya nani. Katika mswada wangu wa kwanza, kijana anazama baharini na mama yake anabaki na nguo zake. Niliiandika sura ile usiku tatu, wimbo mmoja wa huzuni ukijirudia mpaka alfajiri. Nililia mpaka kola ikalowa. Nikaamini hiyo ndiyo sura bora niliyowahi kuandika, nikakataa hata kuipitia tena. Mhariri akanirudishia karatasi. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, aliandika maneno matatu: "Nani analia hapa?" Nilimchukia kwa miezi. Halafu siku moja umeme ukakatika, simu imezima, nikaisoma kwa sauti gizani kwa mwanga wa mshumaa. "Moyo wake ulipasuka" mara tatu kwenye ukurasa mmoja. Mama mwenyewe hakuwapo, hana mikono, hana la kufanya. Aliyekuwa akiniliza ni mwimbaji, na msomaji sikumpa ule wimbo. Niliiandika upya kimyakimya: mama anakunja kanzu, mfukoni anakuta karatasi ya fundi, kanzu ya Idi, bado elfu tano. Anajifunga khanga, anaenda kulipa deni la marehemu. Fundi anakataa kupokea. Mama anaiweka noti juu ya cherehani na kuondoka. Sikutoa chozi hata moja nilipoandika. Mhariri alinipigia simu, akashindwa kuongea.

3. Kama kimya kinakutesa, weka bashrafu. Taarabu asilia ya Unguja, ile ya kina Ikhwani Safaa walioanza 1905, hufunguliwa kwa kipande hicho kisicho na mwimbaji: ala kama udi, kanuni, fidla na nai zinatembea pamoja bila kukusemesha.

4. Rumba ina hatari yake, maana huanza taratibu, mwimbaji akibembeleza, kisha gitaa linaingia sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, na vidole vyako vinalifuata. Mwenzenu mmoja ana babu wa miaka 80 mwenye mkongojo, kavuka uwanja mzima kwa nusu sentensi. Nikamwambia, mwanangu, huyo babu kapigiwa sebene. Akacheka, akakiri.

5. Wimbo wenye maneno ni wa kabla ya kukaa mezani kuandika.

Ninyi wanne, rasimu zenu nimezirudisha. Zimeni kila kitu, mzisome kwa sauti, pigieni mstari kila penye "moyo", kisha mniambie mikono ya mhusika iko wapi. Nazingoja Ijumaa.